Saa za injini, lita za petroli: uzoefu wangu katika gereji ya kwadi Maskati

Anayenunua kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ya Yamaha YFZ450R hupewa usukani, taa chache za onyo na ufunguo. Spidomita hakuna. Kilomita hazihesabiwi popote, wala hakuna kioo cha kukuonyesha injini imeshafanya kazi kiasi gani tangu itoke dukani. Ni mashine ya mashindano, na walioiunda walitarajia mwenye nayo atakuwa na fundi wake na daftari lake. Hapa Maskati mwenye nayo kwa kawaida ni kijana wa chuo aliyenunuliwa kwadi hiyo na baba yake, fundi wake ni mimi, na daftari ndilo linalokosekana.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi wa jenereta, na kwenye jenereta hesabu zote ni za saa. Jenereta haiendi popote, sasa utaiuliza kilomita ipi? Unasoma mita, saa 250 zikifika unamwaga oili, unabadilisha filta, unaandika, unaondoka. Nilipoingia kwenye kwadi nikakuta mafundi wenzangu, Wapakistani na Wamalayali (Wahindi wa Kerala) wenye mikono mizuri kuliko yangu, wakifanya sevisi kwa macho. Oili ikiwa nyeusi inamwagwa. Injini ikigonga inafunguliwa. Mteja akiulizwa ameiendesha kiasi gani anajibu "kidogo tu", na hicho kidogo kinaweza kuwa Ijumaa moja ya Bawshar, kwenye vilima vya mchanga vilivyomo humuhumu mjini, au kikawa msimu mzima kule Bidiyah, kwenye mlango wa jangwa la Sharqiya.

Kilomita hata zingehesabiwa zingedanganya. Kwenye mchanga gurudumu linazunguka mara kumi, kwadi inasogea hatua mbili. Kijana anapopanda kilima akiwa amekanyaga gia ya pili na mafuta yamefunguliwa yote, injini ya sentimita za ujazo 449 inapita mizunguko 10,000 kwa dakika, na chombo kinakwenda mwendo wa mtu anayekimbia. Akikwama njiani, kinasimama kabisa huku injini ikinguruma. Ndiyo maana jedwali la matengenezo la Yamaha lina safu za miezi, kilomita na saa pamoja, na unafuata itakayotangulia. Jangwani inayotangulia ni saa.

Basi tukaanza kufunga mita za saa. Ni vidude vidogo, bei yake si kitu, lakini kila kimoja kina namna yake ya kusema uongo. Rahisi kuliko zote ni ile inayohisi mtikisiko: unaibandika kwenye fremu, ikitikiswa inahesabu. Mteja mmoja alirudi nayo ikiwa na saa ambazo hakuna aliyeziendesha. Kumbe kila wiki kwadi ilikuwa ikifungwa nyuma ya pikapu kutoka Maskati hadi Bidiyah, kama kilomita 200 kwenda na nyingine kurudi, na mita ikahesabu safari yote. Nyingine inaunganishwa na umeme wa ufunguo. Hiyo ufunguo ukiachwa wazi inaendelea kuhesabu injini ikiwa baridi, na vijana wanaacha ufunguo wazi ili wachaji simu. Ninayoipenda mimi ni ile ya waya unaozungushwa juu ya waya wa plagi. Haihesabu mpaka plagi ipige cheche, maana yake haihesabu mpaka injini iwake kweli. Waya wake uzungushe mbali na ekzosi, ufunge kwa tai za plastiki, usiuache ukigusa silinda. Kwenye injini ambazo koili imekaa moja kwa moja juu ya plagi hakuna waya wa kuzungushia, hapo utarudi kwenye umeme wa ufunguo na kumkanya mwenye kwadi aizime.

Na jambo moja kwa wanunuzi wa mitumba, kwa sababu naulizwa sana: mita inajua saa zake yenyewe, haijui saa za injini. Kwadi ya miaka kumi ikifungwa mita mpya leo, itasoma sifuri leo. Muuzaji akikuonyesha saa 30 kwa furaha, mwambie akuonyeshe tarehe mita ilipofungwa na nani aliifunga.

Mambo haya ni ya kujifunza kwa wiki moja. Lililonichukua muda zaidi lilitoka kwa mzee mmoja, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Omani akiwa kijana. Nilipomsikia mara ya kwanza akimgombeza mjukuu wake kwa Kiswahili cha mjini Unguja, nusura niangushe spana. Namwita ami, naye ananiita mwanangu au fundi, kutegemea bili imefika ngapi. Ana wajukuu wawili, mtu na kaka yake, na kila mmoja alinunuliwa YFZ450R ya mwaka mmoja, siku moja, duka moja. Nikazifunga mita za aina moja. Huwezi kupata jaribio zuri zaidi ya hilo.

Zote mbili zilipofika saa 40 nikazipima. Ya mkubwa ilikuwa nzima. Ya mdogo, klachi ilikuwa imeanza kuteleza, cheni imevutika, na valvu za kuingizia hewa zimekaza. Ami akaja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaniangalia.

"Mwanangu, hawa wamekwenda saa sawasawa. Huyu mbona mgonjwa na mwenzake mzima?"

Nikamjibu kwamba mdogo anatumia tairi za makasia, zenye mabapa ya kuchota mchanga, na anapanda vilima, mkubwa anazunguka na wenzake kwenye njia za bondeni. Hakuridhika. Akauliza tofauti yao ni kiasi gani, na mimi kipimo sikuwa nacho, nilikuwa na maelezo tu. Kipimo alikuwa nacho yeye. Mzee huyu ndiye anayelipia petroli, na mtu aliyekulia dukani haachi riali ipite bila kuandikwa. Akatoa simu, akampigia binti yake, akasomewa hesabu ya madumu. Kwa saa 40 zilezile mkubwa alikuwa amechoma kama lita 150. Mdogo alikaribia 280.

Hapo nikakumbuka kazi yangu ya zamani. Vitabu vya injini kubwa za Caterpillar haviandiki saa peke yake. Pembeni ya saa huandikwa lita za mafuta, kwa sababu jenereta inayobeba mzigo mzito na ile inayonguruma bure zina saa sawa lakini hazikufanya kazi sawa. Petroli iliyochomwa ndani ya silinda ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo joto, ndiyo nguvu iliyosukuma pistoni, klachi, cheni na ekseli. Nilikuwa naijua kanuni hiyo miaka yote na haikunijia kwamba inaifaa kwadi ya mtoto wa chuo.

Tangu siku hiyo kila mteja mwenye mita namuuliza na petroli. Sihitaji risiti. Tangi la YFZ lina lita kama 10. Akiniambia tangi moja linampeleka saa ngapi, inanitosha. Anayekwenda karibu saa tatu kwa tangi namwekea oili kila saa 10, na valvu nazipima kila saa 30. Anayelimaliza kwa saa moja na nusu, vyote nakata nusu. Vipimo hivi ni vyangu kwa mchanga huu, na kwa injini hizi kali za 450. Raptor 700, kwadi nyingine ya Yamaha, haina haraka hivyo: injini yake ni ya ujazo wa 686, haizunguki kwa kasi ile, na valvu zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Ningekuwa na mtoto wa kumnunulia kwadi ningemnunulia Raptor na kulala usingizi.

Lita nazo zina upofu wake. Hazioni vumbi.

Mchanga wa Bidiyah ukiushika mkononi unaona punje, na punje kubwa si tatizo, filta inazikamata. Tatizo ni ule unga unaobaki hewani kwadi ya mbele ikishapita. Wanapokwenda kumi kwa msururu, wa mwisho anavuta hewa iliyokwisha kusagwa na wenzake tisa. Saa yake moja kwa pistoni na ringi si saa moja ya aliyetangulia. Kwa hiyo filta ya hewa sikuiweka kwenye saa kabisa. Filta ni kila safari, iwe ya saa moja au ya siku nzima. Kwadi haitoki gerejini kwangu bila mwenye nayo kuoneshwa jinsi ya kuifanya mwenyewe, hata kama anacheka kwamba ana mfanyakazi nyumbani. Wengine wanaleta mfanyakazi, na huyo ndiye ninayemfundisha kwa moyo.

Filta ya sponji usiioshe kwa petroli, gundi ya maungio yake inaachia na sponji linapasuka pale pale kwenye mshono, mahali ambapo huoni. Ioshe kwa mafuta ya taa, uibonyeze bila kuipinda kama unayekamua nguo, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka maji yatoke meupe. Ianike kivulini. Ikikauka kabisa, mimina oili ya filta, uikande ienee mpaka rangi iwe moja kote. Oili ya injini inashuka chini ya sponji na kuacha juu pakavu. Ukingo unaokaa kwenye kisanduku upake grisi. Watu wanaruka hatua ya grisi, na unga hupita hapo hapo, pembeni ya filta safi.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Filta ikiwa nje, funga kidole kitambaa cheupe, uingize kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye injini, upanguse. Kitambaa kikitoka na alama ya kahawia unayoihisi kwa ncha za vidole, hiyo injini imekwisha kula mchanga, na cha kufuata ni kuzipima valvu siku hiyo hiyo, mita isome itakavyosoma.

Valvu za YFZ450R ni tano: tatu za kuingiza, mbili za kutoa, zote za titani. Titani ni nyepesi, ndiyo maana injini inaweza kuzunguka vile, lakini sehemu inayogusa kiti cha valvu ina ngozi ngumu nyembamba sana juu yake. Vumbi likipita linasugua ngozi hiyo. Ikishaisha, titani yenyewe ni laini, na valvu inaanza kuzama kwenye kiti chake. Inavyozama, nafasi iliyopo kati yake na kemshafti, mhimili unaoifungua, inapungua. Watu wengi wanatarajia injini iliyochakaa igonge na kupiga kelele; hii inakuwa kimya zaidi. Dalili unaipata asubuhi: stata inazungusha, inazungusha, haiwaki, mpaka uivute kwa pikapu. Mteja analeta betri mpya. Betri haina kosa.

Nafasi inayotakiwa upande wa kuingiza ni milimita 0.10 mpaka 0.15, injini ikiwa baridi kabisa. Sasa fundi wa haraka anapima, anakuta 0.11, anasema ipo ndani, anafunga. Ni kweli ipo ndani. Lakini 0.11 peke yake haina maana mpaka ujue mara iliyopita ilikuwa ngapi. Kwadi ya yule mjukuu mkubwa, valvu ya kushoto ilisoma 0.13, halafu 0.12, halafu 0.12 tena. Hiyo imekaa. Ya mdogo ilisoma 0.13, ikaja 0.11, ikaja 0.08. Nikabadilisha shimu, kile kidude chembamba cha kurekebishia nafasi, nikairudisha 0.13. Saa kumi baadaye ikasoma 0.09.

Hapo ndipo fundi na mteja hugombana. Mteja anataka shimu nyingine, kwa sababu shimu ni bei ya soda. Nami ningeweza kumwekea, na ingewaka vizuri, akanisifu. Lakini valvu iliyorudishwa mahali pake na ikazama tena kwa saa kumi imekwisha kuvuka ngozi yake. Inayozama sasa ni titani tupu, na kila saa itakuwa mbaya kuliko iliyopita. Mwisho wa safari hiyo ni kichwa cha valvu kukatika na kuangukia juu ya pistoni, na ukilisikia pigo hilo tafuta silinda, pistoni na pengine krankshafti. Nikamwandikia ami namba zote kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, na saa za mita pembeni. Hakuuliza titani ni nini. Alitazama ile safu inavyoshuka, kama anayetazama mizani ya muuza karafuu, akasema, "Fungua kichwa." Tukaweka valvu mpya na kuvichonga viti upya.

Kwa hiyo daftari langu halina alama za tiki. Nimewahi kuona jedwali zuri lililochapishwa, limepigwa tiki tangu juu hadi chini, na injini yake imekufa. "Valvu: zimekaguliwa" haimsaidii fundi atakayekuja baada yangu. Ninaandika saa, lita kama zipo, kisha nilichokikuta kwa namba au kwa maneno: 0.12 kushoto, cheni imesogezwa nusu ya alama, kitambaa kimetoka cheupe, oili ina vumbi la klachi. Kurasa zangu zina grisi na mwandiko wa daktari, lakini ukizifungua unaona kitu kinavyokwenda.

Kuhusu oili nina machache. Klachi ya kwadi hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, kwa hiyo tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza matumizi ya mafuta inaifanya klachi iteleze, na nimeona watu wakinunua klachi mbili mfululizo pasipo mtu kuuliza oili. Kwadi za Honda TRX450R, ambazo haziuzwi mpya tena lakini zimejaa huku, zina oili mbili zilizotengana, ya injini na ya gia boksi, kila moja na kifuniko chake. Akikuletea mtu TRX na kusema "oili imebadilishwa", muulize ipi. Banshee, kwadi ya zamani ya Yamaha, ni dunia nyingine, silinda mbili za mipigo miwili, na wenye nazo hawataki ushauri wa mtu.

Chini ya injini, saa hazina msaada mkubwa. Nati za ekseli ya nyuma zinalegea kwa kuruka, hazingoji mita. Boljointi (viungo vya mbele vinavyoruhusu gurudumu kugeuka) na beringi za magurudumu zinakufa kwa maji na kwa kuoshwa kwa mashine ya presha, ambayo huku ni ugonjwa wa kitaifa. Inua kwadi juu, shika gurudumu juu na chini, litikise. Ni dakika mbili.

Halafu inakuja joto. Kuanzia Mei jangwa linafungwa lenyewe, hakuna mtu mwenye akili anayepanda kilima kwenye nyuzi 45, na kwadi zinakaa chini ya turubai mpaka Oktoba. Mita inasimama. Hapo ndipo ile safu ya miezi kwenye jedwali inapopata kazi, kwa sababu mafuta ya breki yanavuta unyevu yakiwa yamekaa, petroli inachacha na kuacha gundi kwenye kabureta za zile za zamani, na oili iliyotumika inakaa na asidi yake ikigusa beringi miezi mitano. Mimi huimwaga kabla ya kuzilaza, si baada.

Mwaka jana ami hakuzileta mwezi wa Mei. Akaja Septemba na zote mbili juu ya tela, akaninyooshea kidole mita.

"Fundi, hii ilikuwa 61, na leo 61. Sevisi ya nini?"

Nikamfungulia breki ya mbele, nikachota mafuta yake kwenye kifuniko. Yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Akakubali ya breki, akakataa ya oili, tukabishana mpaka adhana ya Alasiri, akaenda kusali, akarudi na bei yake. Tukakutana katikati: oili nimwage, kazi ya mikono nisitoze. Betri ya mdogo ilikuwa imekufa kabisa. Ya mkubwa ilichajiwa usiku kucha, na asubuhi kwadi ikawaka kwa jaribio la kwanza.